Sabuni ya Krismasi na Chaza Wako

Mdogo wangu Aloyce,

Hali sikuulizi. Nikikuuliza utadhani nakubembeleza. Karatasi hii naituma bila bahasha kwa dereva wa lori la ndizi pale Himo, naye atampa mwenzake, mpaka ikufikie huko chuoni kwako pwani. Anayetaka kuisoma njiani na aisome. Wewe ulimtukana mama mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu.

Unaikumbuka Krismasi ile uliyopanda huku kwetu Kilema na debe la maji ya bahari? Sisi tulikuwa tunangoja sukari, maana duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu. Wewe ukashuka na chaza na konokono wa baharini, utelezi mtupu, wananuka. Ukasema huko chuoni hukumwamini mtu wa kuwabadilishia maji. Mama aliyekuzaa ulimwacha mwaka mzima peke yake, lakini chaza hukuthubutu kuwaacha wiki mbili.

Jioni ukatuhutubia, umekunja nne. Ukasema juu ya gamba la chaza wanaishi bakteria maelfu kwa maelfu, na tumboni mwake wanaishi wengine kabisa, kila kundi na makao yake, na kwamba wapo wanaomkinga asiugue. Huo utelezi, ukasema, ndiyo kazi yako. Uliyasema haraka haraka, kwa Kiswahili cha darasani, na mama akaambulia neno moja tu: bakteria. Hilo alilijua. Bibi afya alikuwa amewahubiria akina mama zahanati mpaka likawakaa: bakteria ndio wanaoharisha watoto, chemsheni maji, osheni kwa sabuni. Akakutazama unavyowashika wale wadudu wako kwa mikono mitupu, kisha unamega ndizi unakula.

Asubuhi ulipokwenda kanisani akachemsha maji. Akatoa kipande cha sabuni alichokificha kwa ajili ya nguo za sikukuu, na nyumbani hatukuwa na kingine. Akawamwagia chaza maji ya moto, akawasugua mmoja mmoja, akawapanga juu ya jani la mgomba. "Nimemtolea mwanangu maradhi," aliniambia. Jamani, alivyofurahi siku ile.

Ukarudi na wazee wa jirani waliokuja kumwona msomi wao. Ukasemaje? "Mama, ujinga wako umeniua." Alisimama pale, mikono bado imelowa, hajui hata kosa lake. Ukafunga begi na mbuzi hajachunwa. Hujakanyaga hapa tena.

Msomi gani wewe? Unajua nani anakaa kwenye utumbo wa konokono, na hukujua kwamba mama yako hana sabuni nyingine. Chaza wamejaa tele huko baharini, ungeokota wengine ukaanza upya. Nakudharau, Aloyce, na sioni haya kuandika hivyo. Wewe ndiye kitinda mimba. Kihamba cha baba, nyumba na migomba yake, ni chako kwa mila, na kumtunza mama ni juu yako kwa mila hiyo hiyo. Ila mimi, niliyeolewa kwingine, ndiye ninayepanda kilima kila siku kumkatia ng'ombe wake majani. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama alikuchelea wewe, machozi namfuta mimi.

Sasa anaumwa. Miguu imevimba, na daktari ameacha kunidanganya. Juzi aliniagiza nimkatie jani la isale, lile la kuombea msamaha, pale mpakani mwa kihamba. Akalifunga fundo mwenyewe, akanipa nikutumie. Anakuomba msamaha. Yeye, akuombe wewe. Na mila unaijua: aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa, hata kama ameuliwa ndugu.

Nilimwambia litafika. Usihangaike kulitafuta, sijalituma. Nimelifungua lile fundo nikalitupa huko huko mpakani, kwa sababu mama hana kosa, na sitakubali afe akiamini analo. Kila siku ananiuliza kama umelipata, nami namwambia bado liko njiani.

Masale bado yapo. Njoo ukate la kwako, ulifunge fundo kwa mkono wako, uingie nalo ndani umpe yeye.

Ukichelewa, hilo jani liache. Shika jembe, uje utusaidie kuchimba.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni.