Boma Juu, Mama Chini

Jumatatu, 1 Agosti 1983
Ng'ombe wengine thelathini wamefika kutoka Ngaremara. Mbavu nje. Boma limejaa sasa. Miezi miwili ya pumba na majani ya kukatwa, wanone, kisha lori. Dida, mkuu wa wachungaji wangu, hajawahi kuona ng'ombe wengi hivi wakilishwa wamesimama. Nimemwambia azoee.

Alhamisi, 4 Agosti
Hapa Burat watu huchota maji upande wa juu wa mto, mifugo hunywa chini. Mimi nimegeuza. Boma liko juu kwa sababu huko chini ni tope, lori halifiki. Nyumba ya Mama iko chini ya boma, hatua mia mbili. Nilijiambia mto unatembea, uchafu utaondoka nao. Kiangazi hiki mto wenyewe haufiki magotini.

Jumanne, 9 Agosti
Maji rangi ya chai. Utelezi wa kijani kwenye mawe. Mama amechota, amenusa, amemwaga. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 12 Agosti
Nimemchimbia Mama kisima cha mchanga kando ya mto, kama wachungaji wanavyofanya. Mchanga huchuja. Yametoka meupe. Nimetamba sana mbele ya Dida.

Jumapili, 14 Agosti
Meupe, lakini yananuka mkojo. Dida ameonja, akatema. "Mzee, hii maji inatoka kwa boma, si kwa mlima." Akacheka peke yake.

Jumatano, 17 Agosti
Nimempelekea Mama madebe mawili. Nimeyachota mtoni, upande wa juu wa boma, pale ninapochota yangu siku zote. Nimeandika sentensi hiyo na sasa naitazama.

Ijumaa, 19 Agosti
Nimempitia Mama kabla ya adhuhuri. Debe moja amewagawia majirani wenye watoto. Nimemkuta anapiga viganja kwenye vumbi la ukuta, anapangusa uso, halafu mikono. Anatayamamu, kama msafiri aliyekosa maji jangwani. Na mto unasikika ukipita nyuma ya nyumba.

"Ya debe ni ya kunywa," akasema. "Ya mto yamegeuka rangi, ladha na harufu. Nitasimamaje mbele ya Mungu nayo, mwanangu?"

Nimeona haya. Sijawahi kuona haya namna hii.

Jumamosi, 20 Agosti
Sikulala vizuri. Mnunuzi wa wale wa kwanza, walionona tayari, anakuja Alhamisi. Ng'ombe wakihamishwa watapungua uzito, na lori halitafika. Najua yote hayo. Saa nne nimefungua lango mwenyewe. Tumewashusha hadi mbali, baada ya nyumba ya mwisho, na boma jipya tumelitenga na ukingo wa mto.

Alhamisi, 25 Agosti
Mnunuzi ameliona tope, amegeuza lori. Hakushuka hata kusalimia. Nimekasirika, kisha nikachoka.

Jumatano, 31 Agosti
Tunazoa samadi boma la juu. Imeshikana na udongo, kila tukichimba ipo. Nilidhani ni kazi ya siku mbili.

Ijumaa, 9 Septemba
Boma la juu tupu. Maji yanaonekana safi. Nimekwenda kwa Mama na furaha ya mtoto. Amechota kata moja, amenusa, ameonja kwa ncha ya ulimi. "Ladha bado ipo," amesema, amemimina yote kwenye shina la mpapai. Kisha amerudi ukutani. Pale anapopiga viganja pamebaki alama mbili.