Papa, Sanamu Yako Haikuwa Kipofu

Papa yangu,

Leo sitaanza kwa kukuuliza kama unapumzika vizuri. Nina hasira. Nina hasira na Deo, nina hasira na nusu ya mtaa wetu wa Ndosho, na nina hasira nawe pia, tena nawe zaidi. Ndiyo maana nimeketi kuandika badala ya kuja kaburini na maua kama mtoto mwenye adabu.

Lakini kwanza ujue kwamba nimeolewa. Espoir wako, yule uliyemfundisha kushika patasi kwa miaka sita, sasa ni mume wangu, kwenye ofisi ya komini na kanisani, mbele ya Mungu na mbele ya dada zako wote waliotoka Bukavu wakisema tungengoja matanga yako yatimize mwaka. Hatukungoja. Papa, sijui nikuelezeje. Ananiletea chai kitandani, halafu anasimama tu kunitazama nikiinywa, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi zake, na mimi naona hakuna mwanamke katika Goma nzima aliyepewa kitu kizuri kuliko hicho. Majirani wanasema tutachoka. Waseme.

Sasa kuhusu sanamu.

Wale wafanyabiashara kutoka Asia, wenye hekalu dogo karibu na ziwa, walitaka Buddha mpya. Kwa kuwa uwanja wa ndege umefungwa na mizigo mizito haifiki, walikutafuta wewe, mchonga watakatifu. Ulikubali. Uliniambia, "Solange, kumuchonga mutu mwenye anakaa kimya ni nguvu kuliko mutakatifu mwenye upanga." Miezi minne ulikuwa juu ya gogo lile la mvule. Mikunjo ya nguo, vidole, masikio marefu, vyote ukavimaliza. Kisha presha ikakuchukua siku ya Jumanne, na sanamu ikabaki na uso laini, mahali pa macho patupu kama yai.

Hapo midomo ikaanza. Mama Clarisse wa ng'ambo ya barabara, aliyelia kuliko sisi sote kwenye matanga yako, ndiye aliyesema wa kwanza, pale bombani: "Ile sanamu ndiyo ilimuua muzee. Ilikuwa inamulomba macho, yeye akaikatalia." Mwenzake akamwitikia, "Mutu anachonga mungu wa bengine, ulifikiri atabaki?" Papa, umechonga Bikira Maria kwa parokia tatu. Umemchonga Mtakatifu Roko pamoja na mbwa wake. Hakuna aliyesema mbwa alikuua. Nilimwambia Mama Clarisse mbele ya ndoo zake kwamba presha yako ililetwa na chumvi, na mpishi nilikuwa mimi, basi aseme mimi ndiye niliyekuua. Alijitwika ndoo akaenda zake. Porojo zikapumzika siku mbili.

Espoir hakuweza kuvumilia. Ulimfundisha mwenyewe kwamba kazi haitoki atelye, karakana yako, bila macho, kwamba macho huchongwa mwisho, na kwamba ni bwana wa atelye tu anayeyachonga. Sasa bwana wa atelye ni yeye. Wiki ya pili ya ndoa yetu alichukua patasi yako ndogo kabisa, akanikalisha juu ya benchi nimtazame, akachonga. Jicho la kulia asubuhi, la kushoto baada ya chakula. Sikuthubutu hata kukohoa. Alipomaliza alipuliza vumbi. "Hii ni zawadi yangu kwa papa," akasema. Nilimkumbatia mbele ya wateja. Yalikuwa macho mazuri, Papa, yameinama kidogo, kama yako ulipokuwa ukisikiliza redio.

Siku tatu baadaye akaja Deo, yule komisionere anayewatafutia wafanyabiashara wale nyumba na mafundi. Akafunua turubai, akashika kichwa. "Nani aliwaomba macho? Mumeiharibisha. Nilijua tu, kazi ya hekalu haipewi batu ba Ndosho." Akatueleza, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani, kwamba kwa desturi yao macho ya sanamu hayaguswi mpaka siku ya kuikaribisha, mbele ya mtawa, kwa sala. Na kwamba muzee aliambiwa tangu mwanzo. Yeye ataagiza nyingine ya plasta kutoka Kampala. Hii yetu tuifanye kuni.

Kuni. Miezi yako minne ya mwisho hapa duniani.

Na wewe uliambiwa. Uliambiwa, ukakaa na neno hilo moyoni kama ulivyokaa na kila kitu, hata na maumivu ya kichwa yaliyokuua. Ungesema tu mezani, "Macho musiguse," ingetosha. Ulituacha tukose kwa mapenzi. Espoir hakula siku mbili. Mume wangu wa wiki tatu alikaa anautazama ukuta, hata chai hakuleta, na mimi nilikuwa nakugombeza kimoyomoyo nikifagia. Sijatubu. Na Mama Clarisse naye akapata wimbo mpya: "Si nilisema? Hata benyewe baliikataa."

Sikukubali. Nilivaa kitenge changu cha harusi, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka hekaluni, nikakaa mlangoni. Nilifanya hivyo siku nne, hadi mtawa wao aliporudi safarini. Deo alisema ninawaletea aibu. Nikamwambia aibu aliisahau kwetu, aje aichukue.

Mtawa ni mzee mwembamba, nguo yake ina rangi ya papai lililoiva, na Kiswahili amejifunzia pwani, kwa hiyo anakisema kwa usafi kuliko sisi. Alikuja nami atelye. Akaweka kiganja kwenye shavu la sanamu, akaipapasa polepole hata nikatamani kumtikisa.

"Nani aliyachonga?"

"Ni mimi," Espoir akasema. "Nilifikiri muzee alikufa mbele ya kumaliza."

"Ulikosea," mtawa akamwambia, "lakini ulikosea kama mwana. Macho yaliyofunguliwa bila sala yanaweza kufungwa."

Akaomba nta ya nyuki na unga wa mbao ileile. Espoir akayaziba macho yake mwenyewe, yale mazuri, akayalainisha mpaka uso ukarudi ulivyouacha wewe. Wewe ni fundi, unajua mkono unavyouma ukifuta kazi kama hiyo.

Kisha mtawa akatueleza mengine. Siku ya sherehe anayefungua macho ni fundi, si mtawa. Tena fundi hautazami uso. Anaipa sanamu mgongo, anatazama kwenye kioo, anachora kwa brashi akipitisha mkono juu ya bega. Mtu mwingine humshikia kioo. Akanigeukia. "Baba yako alisema binti yake ndiye atakayekishika."

Papa. Ulikuwa umeshapanga. Ulimwambia mgeni, hukuniambia mimi. Nilitoka nje, nikasimama juu ya mawe meusi ya uani kwetu nikakutukana. Mungu anisamehe. Nilikutukana kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, ili mtawa asielewe.

Jumapili sanamu ilienda hekaluni kwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, imefungwa blanketi letu la harusi, wanaume wanne wakiishika kila upande. Mama Clarisse alifuata nyuma, "kuona tu." Deo alisimama mlangoni akiwaambia wageni kwamba ni kazi ya fundi mmoja wa hukuhuku. Nikasema kwa sauti ya bombani, "Fundi ana jina. Ni muzee Bisimwa wa Ndosho, papa yangu. Na macho yanafunguliwa na bwana yangu." Deo akajisogeza kutoka mlangoni. Mtawa akapiga kengele.

Nilishika kioo kwa mikono miwili. Espoir alikuwa ananielekea, karibu kama siku ya harusi, lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo, na brashi ikapita juu ya bega lake polepole, wino mweusi juu ya nta, kulia, kushoto. Kioo hakikutikisika. Wote walipoinama, mimi nilibaki nimesimama na kioo changu, nikikutafuta kati ya watu kama mpumbavu. Ulimwambia nitakushikia kioo wewe. Nilikuja. Wewe hukufika.

Hasira haijaisha, Papa, na sitakudanganya. Ila nakuahidi jambo moja: nyumbani kwetu hakuna atakayekaa kimya kama wewe. Nimemwapisha Espoir. Atakachoambiwa na mteja nitakisikia siku hiyohiyo, na kichwa kikimuuma nitakijua kabla ya dawa.

Kwaheri, baba yangu mpenzi, mkaidi. Jumamosi nitakuja na maua. Nitakaa chini nikueleze yote tena, hata yale usiyopenda kusikia, kwa sauti.

Binti yako,
Solange, mke wa Espoir