Mwenyekiti Asiyejua Kalkulasi

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nisaidie, maana nimejichimbia shimo mwenyewe, nikalipamba, na sasa nimekaribisha wageni ndani yake.

Mimi ni mama wa watoto wawili, karani katika ofisi ya wapima ardhi, na baada ya kuchapa ripoti za wengine kwa miaka mingi nikasema hata mimi naweza kusimama nyuma ya kile chombo chao chenye miguu mitatu, nikafumba jicho moja nikaonekana mtu wa maana, basi nikajiunga na chuo, masomo ya jioni, na bosi akaniahidi kwamba nikimaliza mwaka huu vizuri nitatoka mezani niende uwandani na wenzangu. Kilichobaki ni mtihani mmoja wa hesabu, Shangazi, ila ni ule unaokusanya kila kitu tulichofundishwa tangu siku ya kwanza, logi, pembe, matriksi, kalkulasi, vyote kwenye karatasi moja kama nguo za familia nzima kwenye beseni moja.

Sasa balaa lenyewe. Darasani mimi ndiye mkubwa kwa umri, vijana wakadhani umri ni akili, wakaniita Mwenyekiti, wakanichagua niongoze kikundi cha kujisomea kinachokutana sebuleni kwangu kila Jumamosi, na mimi badala ya kukataa nikawauliza mtakunywa chai au juisi. Mtu akiuliza swali natikisa kichwa polepole, naweka kidole shavuni, nasema, "Swali zuri sana. Wengine mnaonaje?" na kuna binti mmoja mpole tunamwita Kimya, huyu anarudia somo na akifeli tena anaondolewa chuoni, yeye ndiye hujibu kwa sauti ya chini, halafu wote wananigeukia, nami nasema, "Mmemsikia mwenzenu," wanaandika. Wanasifu eti nina mbinu ya kumfanya mwanafunzi afikiri!

Usidhani sisomi. Nimechora ratiba ya rangi nne imebandikwa kwenye friji, nimepigia mistari vitabuni mpaka hakuna sentensi iliyobaki nyeupe, natazama video za mwalimu mmoja anakokotoa huku nikimwitikia "ahaa, ndiyo, ndiyo," akimaliza nahisi tumekokotoa wote, nazima simu kwa fahari. Ila ukinipa karatasi tupu natoa macho kama mbuzi aliyeonyeshwa gazeti.

Na mume wangu ni kinyozi, Shangazi, yaani kila kichwa kinachoinama mbele yake kinaambiwa, "Mke wangu anakuwa mpima ardhi," mpaka nikienda sokoni watu nisiowajua wananiuliza mipaka ya viwanja vyao.

Jumamosi iliyopita kijana tunayemwita Profesa, kwa ajili ya miwani yake tu, akanipa chaki akasema, "Mwenyekiti, leo tuonyeshe wewe mwenyewe." Nikaenda kwenye ubao wa wanangu, nikaliandika swali upya kwa mwandiko mzuri, nikalipigia mstari, kisha nikajifanya napigiwa simu, nikatoka nje nikawa nasema "Ndiyo bosi, sawa bosi," mume wangu akapita akaninong'oneza, "Mama watoto, simu umeigeuza juu chini." Wakati wa kuondoka Kimya akanishika mkono akasema, "Mama, safari hii siogopi, kwa sababu nina wewe." Nilitamani sakafu inimeze. Mtihani uko karibu. Nisomeje? Na niwaambie ukweli, au ninyamaze tuzame wote?

Ni mimi, Mwenyekiti wa uongo

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuchungulia, halafu nimekasirika, kwa hiyo vumilia.

Wewe hujasoma. Umepaka rangi. Na kumtazama mtu akikokotoa hakukufundishi kukokotoa. Umeishi na kinyozi miaka yote hiyo ukimtazama, je, nikukabidhi kichwa changu? Ratiba hiyo ibandue. Kamwombe mhadhiri mtihani wa mwaka uliopita, ukae mezani, vitabu umevifunga, simu iko chumba kingine, ufanye mpaka muda uishe. Utafanya vibaya. Ndicho ninachokitaka, maana ndipo utajua panapovuja. Usirudi ukurasa wa kwanza kama mtu anayefagia uwanja mzima. Anza na swali lililokushinda, soma lilivyotatuliwa, funika, lifanye upya kwa mkono wako, na kesho yake lifanye tena. Changanya mada, logi moja, pembe moja, kalkulasi moja, kwa sababu siku ya mtihani hakuna atakayekunong'oneza swali limetoka sura gani. Tena nashuku kinachokuangusha kwenye hiyo kalkulasi ni aljebra ya chini uliyoiruka. Rudi huko, hakuna anayekuona. Ukikwama, mfuate mhadhiri na karatasi uliyoijaribu, usimwendee na uso wa huruma.

Kuhusu yule binti, hivi kweli hukuona? Kila ulipokwepa swali, yeye alilazimika kulieleza, na kueleza ndiko kusoma kwenyewe. Usijipongeze. Anaamini nguvu zake ni zako, na kwenye chumba cha mtihani hutakaa pembeni yake umtikisie kichwa. Ana haki ya kujua kwamba anajua.

Jambo hili lisingeweza kungoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu nikakuambia haya yote. Ukasema, "Shangazi, nitakufa kwa aibu." Nikakujibu utakufa baada ya mtihani. Na kwa kuwa umeniruhusu, nawasimulia wasomaji kilichotokea.

Jumamosi iliyofuata ulisimama mbele yao ukasema, "Kalkulasi siijui. Sijawahi kuijua." Kisha Profesa akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Mimi nilipotea tangu matriksi. Nilikusimamisha ubaoni ili ninakili." Mwingine akasema yeye huja kwa ajili ya chai. Mkacheka mpaka mumeo akatoka jikoni kuuliza nani kafaulu. Aliyekuwa hacheki ni Kimya. Alikuwa akihesabu kitu kichwani, halafu akauliza kwa sauti ambayo, uliniambia, hamjawahi kuisikia kutoka kwake:

"Kwa hiyo yale majibu yote yalikuwa yangu?"

Ndiyo, binti, yako yote. Nawe mwanangu, uenyekiti umekwisha. Mkabidhi chaki, shika kalamu, ukae chini na wenzako, na usipoelewa sema sijaelewa, kwa sauti ya kusikika.