Bunju kwenye karai la Mama Gladi

Jeni mdogo wangu, niliona meno kwanza. Mawili juu, mawili chini, mapana kama ya mtu.

Nikamwambia bosi, "Mama Gladi, huyu ni bunju, ana sumu." Akacheka mbele ya wateja. "Umeishia darasa la nne, leo unanifundisha samaki?" Akamkaanga. Jeni, akamkaanga!

Nurdin wa bodaboda akachukua kipande cha kwanza. Nikampokonya kabla hajang'ata. Mie! Nikamwaga sinia zima mchangani. Sasa Manzese nzima inaniita chizi, na kazi sina.

Siwezi kukaa. Nazunguka chumba tu.

Marehemu baba hakufa kwa homa, Jeni. Alikula bunju, kule Kilwa. Nilikuwa na miaka kumi, na mie ndiye niliyempikia.