Ndege Niliowazika

Dada Esperance,

Theluji imeisha hapa Cheektowaga, imebaki ile chafu tu pembeni mwa maegesho. Mwaka bado kidogo utimie tangu ututoke. Nilikuwa nimeapa sitakuandikia, maana kumwandikia mtu asiyejibu kunachosha, na wewe hata ulipokuwa hai hukuwa mwepesi wa kujibu ujumbe. Lakini leo alfajiri nimeokota ndege wa kwanza chini ya jengo la vioo, na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Nianze na habari za nyumbani. Binti yako Grace amehamia Columbus kwa mdogo wetu Innocent, kule Linden. Nampigia kila Jumapili. Namsalimu kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, tunaulizana hali ya hewa, tunamaliza. Darubini yako hakuichukua. Siku alipofunga mizigo nilimwonyesha, nikamwambia, hii mama yako aliipenda kuliko viatu vyake vya kanisani. Akatikisa kichwa tu. Sikumlaumu. Ninayo mimi, na mkanda wake bado unanuka mafuta yako ya nywele. Nyumba yenu wameingia watu wengine.

Klabu ya ndege nayo inaelekea kufa. Jumamosi iliyopita tulikuwa wanne kando ya ziwa tukihesabu mwewe wanaorudi kaskazini, na mmoja wa hao wanne hakutoka ndani ya gari kwa ajili ya magoti. Visanduku vya viota kule kwenye matete tumesafisha nusu, nusu tumeacha. Bibi Doris, yule mwenye kutunza daftari la klabu, bado anataja chai yako na maandazi yako. Anasema tangu uondoke watu wanakuja kuangalia ndege na njaa, wanarudi na njaa. Alikuwa anatania, lakini hakucheka.

Unakumbuka ulivyoanza? Ni Louisville, mwaka wetu wa kwanza, kwenye kituo cha basi pale Beechmont. Ndege mwekundu pyu akatua kwenye waya, ukamwangalia mpaka basi likafika, likafungua mlango, likafunga, likaenda zake. Tulichelewa kiwandani wote wawili, na bado wewe ndiye uliyenikasirikia mimi. Tulipohamia huku ukatafuta wazee wenye darubini, ukajiunga nao, Mkongomani peke yako. Kanisani wakaanza kunong'ona, mama mzima wa maombi anaamka alfajiri kutafuta bundi! Ukawauliza mbele ya wote, "Bon, bundi iko na zambi gani?"

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Lile jengo la vioo liko ng'ambo ya ghala ninakofanya kazi. Wewe ndiye uliyeniambia kinachotokea pale. Majira ya kuchipua ndege husafiri usiku, taa za jengo huwavuta, na kukipambazuka wanaona miti ndani ya kioo, wanairukia, wanajigonga na kufa. Klabu iliwaomba wenye jengo mambo mawili tu, wabandike vitone kwenye vioo ndege wavione, na wazime taa wiki zile za safari. Wenye jengo wakasema, leteni ushahidi. Na ushahidi ni ndege wenyewe. Kila mmoja kwenye mfuko wake, na karatasi yenye tarehe, upande wa jengo na jina la aliyemwokota, kisha kwenye friza. Ulifanya hivyo kila alfajiri kabla hujaenda kazini kuwahudumia wale wazee wako. Hukukosa hata siku ya mvua.

Halafu tumbo likakulaza hospitalini, na safari ya ndege ilikuwa ndiyo kwanza inashika kasi. Ukanikabidhi mifuko na kalamu. Ukanionyesha kwa vidole jinsi ya kumshika ndege asiharibike, na mikono yako ilikuwa imekonda hivyo.

Dada, sikuwaweka kwenye friza. Niliwazika.

Ningeweza kumsingizia mke wangu. Ni kweli Mama Benjamin alisema, kwa ajili ya yale majani yake ya muhogo, "Sombe yangu hailale na maiti mu frigo moja," na unajua akisema amesema. Lakini siku ya kwanza sikufika hata nyumbani. Alikuwa yule mdogo wa koo jeupe, yule uliyesema anaimba kama mtu anayeita mtoto wake kwa mbali. Bado alikuwa na joto. Nilimfungulia mfuko nimtie, nikamwona baba.

Hatujawahi kuzungumza habari hii, wewe na mimi, miaka yote. Siku tuliyokimbia kutoka milimani, baba alipoanguka njiani, tukamfunika blanketi na matawi kwa sababu risasi zilikuwa nyuma yetu. Wewe ukasema, "Tutarudi kumuzika." Tukaenda. Hatukurudi. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimevuka bahari, na bado ninamwona chini ya matawi yale. Basi nikiwa pale na kile kiumbe mkononi nilishindwa, dada. Nilishindwa kukiacha bila udongo. Nikachimba kwa kijiko changu cha chakula nyuma ya uzio, penye nyasi, nikakifukia, nikasema, "Pumzika." Kesho yake walikuwa watatu. Keshokutwa yake sikumbuki wangapi. Nilichimba kila alfajiri mpaka nikanunua kikoleo kidogo cha bustani.

Na kila jioni ulikuwa unaniuliza, sauti imekwisha, "Donc, ndege zote uliziweka mu frigo?"

"Zote, dada."

"Hata ile ya leo?"

"Hata ile ya leo."

Ukafumba macho. "Njo vile," ukasema, ukatabasamu. Hayo ndiyo niliyokupa ukaenda nayo. Mtu anakufa, anaomba neno moja la kweli kwa ndugu yake, na mimi nilikupa uongo kila siku, kama kijiko cha dawa.

Tulikuzika vizuri, hilo ujue. Walikuja watu kutoka Louisville, wakaja na wa Columbus, waliendesha gari usiku kucha, kwaya ikaimba mpaka walinzi wa makaburi wakachungulia. Bibi Doris alikuja na kofia yake ya klabu kifuani. Nilipotupa udongo wangu niliwafikiria wale ndege, nikaona aibu.

Baada ya wiki chache wenye jengo wakatuita. Bibi Doris hakuwa ameniuliza kitu, hakutaka kunisumbua nikikuuguza, alijua mifuko iko kwangu salama. Akafungua daftari lako la ndege mbele yao. Yote ni mwandiko wako, safi, tarehe kwa tarehe, mpaka siku uliyolazwa. Yule bwana mwenye tai akauliza, na baada ya hapo? Bibi Doris akanigeukia. Dada, mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Ningesema neno moja tu. Nikasema, "Sikuona kitu."

Akaandika hivyo. Kwenye daftari lako, kuanzia siku uliyolazwa, ndege waliacha kufa.

Yule bwana akafunga faili kwa upole. Akasema inaonekana tatizo limejiondoa lenyewe, akatushukuru. Mpaka leo hawapokei simu za klabu. Hakuna kitone hata kimoja, na taa zinawaka mpaka kunakucha.

Nilirudi nyuma ya uzio na kikoleo. Nilidhani nitawafukua, niwapeleke hata kama wananuka. Nikapata manyoya machache na vifupa vyembamba kama nyuzi, vikavunjika vidoleni. Udongo hauweki ushahidi. Ungeniambia hivyo wewe, kama ningekuuliza.

Sijui kama kuna jambo la kufanya tena. Bibi Doris amezeeka mwaka huu mmoja kuliko miaka yote niliyomjua. Nikimwambia ukweli, huenda akafuta jina langu kwenye kibali cha serikali cha kuokota ndege, na atakuwa amefanya haki, na wenye jengo hawatafungua mlango kwa sababu mkimbizi mmoja amelia. Ndege walio wengi watakufa. Nimesimama pale leo, nimeona miti ndani ya kioo, mizuri kabisa, hata mimi ningeirukia.

Lakini Jumamosi nitamwambia Bibi Doris. Nakuahidi hilo, si zaidi. Nitamwambia mbele ya wenzetu wa klabu, kwamba niliwaona, kwamba walikuwa wengi, kwamba ni mimi. Na wa mwaka huu sitawazika. Mama Benjamin nilimwambia jana sababu, habari ya baba, ya matawi, yote. Leo niliporudi nikakuta amesogeza sombe yake upande mmoja wa friza, upande wa pili ameuacha mtupu.

Lala, dada yangu. Msalimu baba ukimwona, mwambie sikusahau. Kuhusu lile swali lako la jioni: leo alikuwa mmoja, wa koo jeupe, upande wa mashariki, na nimemweka.

Mdogo wako,
Josué