Kofi la Meneja

Diani, Jumanne, Juni 1998



Asubuhi kompyuta zote za hoteli zilipoteza mawasiliano, na wageni wamejaa mapokezi. Meneja akamkamata Mwanasiti, karani wa hapo, akamzaba kofi hadi mtandio ukaanguka.

"Umechezea waya! Nyinyi wa hapa hamtaki kazi. Toka, usirudi!"

"Wallahi sijagusa, bosi."

Mimi, fundi wa mtandao, niliufuata waya. Ni mmoja tu, unapita kompyuta hadi kompyuta, na mwishoni una kifuniko cha chuma. Kikitoka, zote zinakwama. Mwisho ule umo ofisini mwa meneja. Jana aliisogeza meza yake ili aione bahari, na kifuniko nilikikuta kimepondwa chini ya mguu wa meza.

Nikatia kingine. Mashine zikaamka.

"Kumbe wewe ni fundi, dada," meneja akaniambia. " Lakini hiyo ya meza tuiache."

Nilitamani kumpasua uso kwa koleo niliyoishika. Nikasema, "Sawa, bwana."

Jioni Mwanasiti, shavu limevimba, aliniletea papai nyumbani. Ananishukuru. Amesikia mashine zimeamka, na anadhani kwa kuwa nimeuona ubovu, nimekwisha kumtetea kwa meneja.