Pete Nilizomchagulia Tamotsu

Mpendwa mshauri, Bibi Fumie,

Nakuomba msaada kabla pumzi haijaniishia, maana mapafu yangu yamechoka na daktari wa hapa Hiroshima ameacha kunidanganya, na ninalotaka kukueleza sikumwambia hata marehemu mke wangu.

Mimi na rafiki yangu Tamotsu Ueki tulikuwa na karakana ya kufufua injini za rota, zile ambazo badala ya pistoni zina kipande cha chuma cha pembe tatu kinachozunguka, mimi nikichagua vifaa na yeye akifunga. Ubavuni mwa rota kuna pete za chuma za kuzuia mafuta, na kila moja huegemea pete ya mpira. Mteja wetu Bwana Sawada alipotaka gari lake limpeleke bintiye harusini, nikaukataa mpira nikaagiza pete zilizovikwa tefloni, ile ya kwenye vikaango, kwa kuwa nilisoma kwamba haidhuriki kwa joto. Tamotsu akazibonyeza akasema, "Profesa, mbona ngumu kama kucha za mama mkwe?" nami nikamjibu, "We funga tu, kusoma niachie mimi."

Gari lilifika hekaluni likifuka moshi wa buluu, bibi harusi akashuka na kimono yake nyeupe, joho la harusi, akikohoa. Tukaenda nyumbani kwa Sawada kuomba radhi na boksi la keki za momiji, zile za umbo la jani, na tulipofika mlangoni nikampa Tamotsu alibebe. Akapiga magoti, paji la uso likagusa sakafu, nami nikainama kando yake nikasema, "Mwenzangu ana haraka ya mikono."

Baadaye niliifungua injini peke yangu nikakuta kazi yake safi kabisa, ila zile pete za tefloni zilikuwa ngumu mno, hazikuwa na ulaini wa kuifuata pete ya chuma, kwa hiyo mafuta yakapita. Nikatia mpira unaovumilia joto bila yeye kujua, moshi ukakoma, nikamwambia, "Nimefunga upya, safari hii vizuri." Tangu hapo Tamotsu hakugusa injini tena, akabaki kupaka rangi milango.

Sasa binti wa Tamotsu, Chizuru, amenunua gari kuukuu lenye injini ya rota na kumbembeleza baba yake alifufue mwenyewe. Juzi Tamotsu alikuja kitandani kwangu. "Bado hujafa tu? Na suti ya msiba nimeshainyoosha!" Kisha akaitazama mikono yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Profesa, safari hii nitie pete gani?" Nami, Bibi Fumie, niliona nikisema mpira ataniuliza kwa nini, nikamjibu, "Zilezile za tefloni." Akanishukuru. Mwisho wa mwezi anaifunga.

Naona haya hata kutia sahihi. Nifanyeje?

Hamasaki

*

Mzee Hamasaki,

Pole kwa maradhi. Nakuhurumia, lakini sitakubembeleza.

Kosa la kwanza ulilifanya kwa kiburi. La juzi umelifanya na kifo kikikusubiri mlangoni, nalo ni baya zaidi, kwa sababu safari hii ulijua. Moshi utatoka mbele ya Chizuru, Tamotsu ataitazama tena mikono yake, na mtu pekee anayejua kwamba haina kosa atakuwa kaburini. Huko ndiko unakotaka kukimbilia?

Usimwachie waraka wa kusomwa baada ya mazishi. Huko ni kumtwika mtu mzigo na kumnyima wa kumuuliza. Mpigie simu leo, aje na Chizuru. Agiza keki, na boksi ulishike wewe. Kama huwezi kusimama, liweke mapajani. Usianze na kulia wala na mapafu yako. Anza na pete: "Tamotsu, rudisha hizo, agiza za mpira." Atakuuliza kwa nini. Hapo mjibu yote, bintiye akisikia, pamoja na uliyoyasema nyumbani kwa Sawada.

Majina nimeyabadilisha hapa gazetini, lakini Tamotsu akisoma habari ya kucha za mama mkwe atajitambua. Usimwache asikie kwangu kwanza.

Akikutukana, msikilize mpaka amalize. Akiinuka na kuondoka bila kuaga, usimwite. Ana injini ya kufunga.